Zafarani ya Mama

Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, zafarani si kitu kigeni. Tumekua tukiiona ikirowekwa katika marashi ya mawaridi kabla ya kumiminwa juu ya wali wa biriani, na tumeiona ikiandikiwa kombe kwenye sahani nyeupe. Kwa hivyo jamaa yetu alipotuletea kutoka safarini chupa ya vidonge vya zafarani, vilivyosifiwa kwamba hushusha sukari na kupunguza mwili, sisi mabinti tulivipokea kama baraka, tukampelekea Mama kwa mikono yetu wenyewe.

Mama ana maradhi ya sukari kwa miaka mingi. Hakutuambia kwamba siku aliyoanza vidonge vile ndiyo siku aliyoiweka kando dawa ya hospitali. Wala sisi hatukumwuliza. Baada ya miezi miwili akawa na kiu isiyokatika, usiku haukumpa usingizi kwa kwenda haja, na macho yakaingia ukungu hata msahafu ukamshinda kusoma. Tukasema ni uzee. Tulipomfikisha kliniki, kipimo kilisoma 22, ilhali mwenye maradhi haya hutarajiwa awe baina ya 4 na 7 kabla ya kula.

Daktari alimwuliza kwa upole, “Mama, dawa wazimeza?”

Akajibu, “Zile zaniumiza tumbo, mwanangu. Hii yanukia.”

Hatukuweza kutazamana.

Daktari hakuidharau zafarani. Alitueleza kwamba imechunguzwa sana, hasa huko Irani, inakolimwa sehemu kubwa ya zafarani ya dunia. Wagonjwa wa sukari walipewa kiasi kidogo, aghalabu baina ya miligramu 30 na 100 kwa siku, kwa muda wa wiki 8 hadi 12. Katika baadhi ya uchunguzi sukari ya asubuhi ilishuka kidogo. Katika mwingine haikushuka. Na uzito haukubadilika sana. Kisha akatwambia lililotuchoma: wengi wa wagonjwa hao waliendelea kumeza dawa zao za kawaida. Zafarani iliongezwa juu ya dawa, haikushika nafasi yake.

Alituonya pia kwamba mja mzito asiitumie kwa kiasi cha dawa, na kwamba gramu 5 au zaidi huweza kudhuru mwili. Tena kilo moja huhitaji maua yapatayo 150,000. Kwa ughali huo, wengi huuza nyuzi za mmea mwingine zilizotiwa rangi.

Mama alibadilishiwa dawa, akapewa aina isiyomsumbua tumbo. Alhamdulillahi, sukari yashuka na msahafu umerudi mapajani mwake. Zafarani nayo imerudi jikoni, kwenye biriani na kahawa.

Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, nasi tulidhani tumetafuta. Kumbe tulileta chupa tukasahau kuuliza. Siku hizi, kila Ijumaa baada ya Alasiri, twaketi na Mama kitandani pake, twahesabu vidonge vya wiki pamoja naye, na twamwuliza kipi kinamsumbua. Enyi dada zetu, kabla ya kumpelekea mzazi dawa mpya, mwulizeni kwanza habari za ile ya zamani.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.