Babati: Ziwa la Maji Matamu na Magadi ya Jikoni

Akina mama wenzetu, kutoka Arusha hadi Babati ni safari ya kilomita kama 170, na barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa akina mama watatu na watoto watano, shule zikiwa zimefungwa. Mwenzetu mmoja ana mazoea ambayo wengine huyaita utundu: kila aendako hubeba vichupa vitupu, akavijaza maji ya mahali pale na kuviandika majina. Safari hii alibeba pia mfuko wa choya kavu. Watoto humpenda kwa mambo hayo, na sisi tumeacha kumcheka. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa sana darasani. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu Dar es Salaam, waliandika habari hiyo katika jarida la kisayansi, na hadi leo wataalamu wa dunia nzima wanabishana juu yake.

Ukishapita Makuyuni nchi hufunguka. Upande wa kulia, mbali, liko Ziwa Manyara, na wakati wa kiangazi kingo zake huwa nyeupe kama zimemwagiwa unga. Baadaye unafika Minjingu, kwenye machimbo ya fosfeti ya mbolea. Zamani sana ziwa hili lilikuwa kubwa kuliko leo, na ndege wala samaki waliishi hapo kwa makundi makubwa. Vinyesi vyao, mifupa yao na mifupa ya samaki vilirundikana miaka kwa miaka mpaka vikawa udongo wa fosfeti. Leo wakulima huununua kwa mifuko na kuutia mashambani. Mtoto mmoja akauliza, "Kwa hiyo ugali una ndege ndani?" Tulicheka, lakini jibu la kweli ni kwamba kidogo, ndiyo. Ombi letu ni moja: ukumbuke mifupa hiyo, maana tutairudia.

Magugu tulisimama kununua mchele, kama wafanyavyo wasafiri wote. Kisha barabara hupanda, hewa hupoa, na Babati hiyo hapo chini ya Mlima Kwaraa.

Mji huu ulikuwa mdogo tu mpaka mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Mkoa wa Arusha na Babati ikawa makao yake makuu. Sasa kuna maofisi, bajaji na kelele za kutosha. Lakini tembea kidogo tu, utaona ziwa. Wavuvi wapo katika mitumbwi myembamba, na viboko wapo vilevile, wamejilaza majini kama mawe mpaka mmoja apige miayo. Watoto walitaka kusogea. Hapana! Kiboko si ng'ombe. Tulimwomba mvuvi atuchotee kichupa kimoja, nasi tukabaki mbali.

Maji ya Ziwa Babati ni matamu, yaani hayana chumvi. Hilo ni jambo la kushangaza, kwa kuwa majirani zake ni wa chumvi na magadi: Manyara upande wa kaskazini, na Balangida chini ya Mlima Hanang, mlima ule ulioporomosha tope hadi Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuwaondoa wapendwa wengi. Kwa nini ziwa moja liwe tamu na mengine machungu? Mama yeyote aliyewahi kusahau sufuria ya maji ya chumvi jikoni anaweza kueleza. Maji hukauka, chumvi hubaki. Ziwa Manyara hupokea mito lakini halina mto unaotoka, kwa hiyo maji huondoka kwa jua tu na madini hubaki, mwaka baada ya mwaka. Ziwa Babati likijaa humwagika, na maji yanayotoka huenda na chumvi yake. Wenyeji wa umri wetu wanakumbuka jinsi lilivyofurika mwaka 1990.

Jioni tulikuwa kwa mama mwenyeji wetu, na choya ikatoka mfukoni. Tuliichemsha ikawa nyekundu, tukaigawa katika glasi tatu. Ya kwanza tulitia maji ya ziwa, ikabaki nyekundu, imepauka tu. Ya pili tulitia ndimu, ikang'aa kama damu. Ya tatu tulitia kijiko cha magadi yaliyolowekwa, tuliyonunua sokoni kwa bei ya pipi. Mbele ya macho yetu ikawa ya zambarau, kisha bluu iliyofifia, kisha kijani kibovu. Watoto walipiga kelele. Rangi ya choya hugeuka ikikutana na ndimu au magadi, na huhitaji maabara yoyote kuliona hilo. (Glasi hiyo ya tatu msinywe.)

Binti wa nyumba, mwenye miaka kumi na minne, naye alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Tulikwisha kuona tangu mchana kwamba hufanya hivyo kila mara. Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia. Mama yake alisema kwa sauti ya chini, "Dada zangu, huyu anasugua kwa mkaa mpaka fizi zinatoka damu. Shuleni wanamwambia ni mchafu."

Si uchafu. Ni floraidi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano na kuyeyuka ndani ya maji ya chini ya ardhi. Familia ile iliishi miaka mingi kijiji kingine, ikinywa maji ya kisima kirefu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kabla ya kushusha kiwango, kwa sababu katika mikoa yetu ya kaskazini visima vingi vilizidi hapo. Madoa huingia wakati jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi miaka kama minane. Likishaota na doa lake, mkaa hauwezi kitu, huliumiza tu. Daktari wa meno anaweza kulifunika. Na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi hufika kwenye mifupa, ikawapinda watoto miguu.

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo wengi hawalipendi. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huongezeka ukali. Chujio la kawaida nalo haliikamati. Kinachoikamata ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa kwa moto mkali na kupondwa, kama wanavyofanya wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya namna moja, fosfeti, ile ile ya Minjingu, na floraidi hupenda kushikamana nayo. Afadhali ishikamane na mfupa wa ng'ombe kuliko jino la mwanao. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhofia, kwa hiyo simtangi la bati na mfereji safi vinastahili fedha kabla ya makochi mapya. Kisima kimoja hutofautiana na jirani yake. Nendeni ofisi ya maji mkaulize kipimo cha chenu.

Kisha mwenzetu aliinua kile kifuko cha magadi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa meno walikuta hapa Tanzania watoto wenye madoa hata mahali ambapo maji yalikuwa na floraidi kidogo. Sababu mojawapo ilikuwa magadi yaliyotiwa kwenye maharage na makande. Yakikauka ziwani hubeba floraidi pamoja nayo. Aidha, huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage. Kwa mtoto mchanga aliyeanza kula, hatuoni sababu ya kuyatia kabisa.

Usiku ule tuliloweka maharage, asubuhi tukamwaga maji na kuyapika bila magadi, tukitia chumvi mwishoni. Yalichelewa kidogo. Bibi wa nyumba alionja, akatafuna taratibu, akasema yana ladha ya maharage hasa. Makande bila magadi, akasema, hilo ni neno jingine, na tusimharakishe.