Kidhibiti Joto na Simu

Katika fizikia tumejifunza kuwa metali mbili tofauti zilizounganishwa hupinda zikipata joto. Kwa ujanja huo vidhibiti joto vya zamani viliwasha na kuzima tanuri la nyumba katika nchi za baridi. Siku hizi kidhibiti huunganishwa na simu kwa intaneti, na mtu huamuru moto akiwa safarini. Mimi naupenda ufundi huo, lakini nina neno. Tarehe 25 Oktoba, 2025, kampuni ya Google iliacha kuvihudumia vidhibiti vya Nest vilivyotoka mwaka 2011 na 2012. Simu haziviamuru tena, ila kwa bahati njema bado vyaweza kuzungushwa kwa mkono ukutani. Wenzangu mtakaokuwa mafundi, kumbukeni: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kifaa mtakachokitengeneza kimtii pia mwenye nyumba.