Volvo Iliponiangusha

Mei 2024, kwenye kozi ya masoko, nilisimama mbele ya darasa kuisifia Volvo. Mwaka 2021 ilikuwa imetangaza kwamba ikifika 2030 itauza magari ya umeme matupu. Toyota, na haibridi zake tangu Prius ya 1997, nikaiita babu anayeogopa simu ya tachi. Watu walicheka. Nikapata A.

Septemba mwaka huohuo Volvo ikalegeza kamba: lengo sasa ni asilimia 90 hadi 100, na haibridi za kuchaji zimo kwenye hesabu. Vituo vya kuchajia vilikuwa vinajengwa polepole kuliko walivyotarajia. Grupu la darasa halikunihurumia.

Utani haukuniuma sana. Kilichoniuma ni mjomba wangu, anayeendesha Prius ya mtumba hapa Dar, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilipomuuliza alicheka: "Mjomba, kwenye foleni ya Mbagala hii hainywi mafuta hovyo. Ya umeme mtupu ningeichajia wapi, kwa mwenye nyumba?"

Bado naamini umeme ndiko tunakoelekea. Ila swali la mjomba halikuwemo kwenye slaidi zangu hata moja. A yenyewe sijairudisha.