Vichwa vya Treni vya Vita na Reli ya Morogoro

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, ilikusudiwa biashara na utawala, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyowaonyesha wakazi wa chini ya Milima ya Uluguru thamani halisi ya kichwa cha treni, yaani injini inayovuta mabehewa. Agosti 1916, jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck liliporudi nyuma kuelekea milimani, lilivunja madaraja na kuharibu injini ili zisiwafae askari wa Jenerali Smuts waliopigania Uingereza, nao Waingereza wakalazimika kuyafungia malori magurudumu ya reli ili mizigo ipite.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta mashine ya aina nyingine. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kimehifadhiwa kichwa nambari 5505 cha aina ya Garratt, ambayo bwela lake, yaani tangi la kuchemshia maji, huning'inia katikati ya mitambo miwili yenye magurudumu, hivyo uzito husambaa na kona kali hupitika. Kiliundwa Manchester kwa ajili ya vita vya Burma, na kwa kuwa reli za huko zilikuwa na upana wa mita moja kama za Afrika Mashariki, baadaye vichwa vya aina hiyo vililetwa huku kuvuta mizigo ya amani. Garratt za baadaye, zilizoundwa mwaka 1955 na 1956, zilipewa majina ya milima, na mbili kati yake ziliitwa Uluguru na Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, lakini hizo hazikuhifadhiwa.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia Morogoro wakati dizeli ilipokuwa ikichukua nafasi ya mvuke, hata honi ikachukua nafasi ya king'ora ambacho wazee walikitumia kukadiria saa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hufika mjini humo bila moshi wowote. Garratt za baadaye, zilizoundwa mwaka 1955 na 1956, zilipewa majina ya milima, na mbili kati yake ziliitwa Uluguru na Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, lakini hizo hazikuhifadhiwa.

Chuma kilichobaki Nairobi kinaeleza ufundi wa mashine, ila hakielezi kazi ya madereva, wachochea moto na mafundi wa njia walioiendesha reli hii. Historia hiyo ingali katika vinywa vya wazee wachache, na inastahili kuandikwa na kuwekwa wazi katika stesheni ya Morogoro wakiwa bado hai.