"Mfumo Umekataa, Mama"

Mwaka jana nilitoka Ilemba alfajiri na mwanangu, tukapanda milima hadi Sumbawanga mjini. Alihitaji kipimo cha moyo. Dada wa dirishani aliingiza namba ya kadi ya bima, akatikisa kichwa.

"Mfumo umekataa, mama."

"Nani aliyekataa?"

"Mfumo."

Nilikaa kwenye benchi. Mkononi nilikuwa na nauli ya kurudi tu. Kisha nikainuka, nikaomba kuonana na ofisa wa bima. Alisoma cheti cha kuzaliwa, akaona kosa: kwenye kadi mwaka wa kuzaliwa ulikuwa 2007 badala ya 2017. Kwa kompyuta, mtoto wangu alishakuwa mtu mzima. Wakarekebisha, akapimwa siku hiyohiyo.

Hiyo ilikuwa kompyuta ya kawaida. Sasa akili mnemba inatumika kupitia maombi ya bima. Huko California, Marekani, tangu Januari 1, 2025 sheria inataka uamuzi wa kumnyima mgonjwa matibabu kwa madai kwamba hayahitajiki ufanywe na daktari au mtaalamu wa afya, si akili mnemba peke yake. Na sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayokupa haki ya kudai uamuzi mzito juu yako usiachiwe mashine pekee.

Mzazi mwenzangu, kagua tarehe kwenye kadi ya mtoto leo. Safarini beba cheti chake. Ukiambiwa mfumo umekataa, usirudi nyumbani kabla hujaonana na mtu.