Mti Wenye Mwenyewe

Kila asubuhi nikienda kazini hapa Kassel, Ujerumani, napita kando ya mwaloni wenye jiwe. Ni nguzo nyeusi ya jiwe la volkano, inanipita kiuno, imesimikwa karibu kabisa na shina. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni alama ya mpaka, kama bikoni za mashamba ya kwetu Kapsokwony, chini ya Mlima Elgon nchini Kenya. Nikamuuliza bibi mmoja ninayemhudumia katika nyumba ya wazee. Akanijibu: "Huo mti una mwenyewe."

Mji huu una miti 7,000 ya namna hiyo. Msanii Joseph Beuys alipanda wa kwanza Machi 1982. Alimwaga mawe 7,000 mbele ya jumba la makumbusho la Fridericianum, katikati ya mji, na sharti lake lilikuwa moja: jiwe haliondoki kwenye rundo hadi mti wake upandwe. Wenyeji wengi waliudhika, maana uwanja wao ulijaa mawe, na asiyeona miti ikipandwa mitaani aliliona rundo pale pale halijapungua. Aliyetoa mark 500 alipata mti na cheti. Beuys alifariki Januari 1986 kazi haijaisha, na mwanawe ndiye aliyepanda wa mwisho mwaka 1987. Leo miti hiyo inalindwa kisheria kama urithi wa utamaduni.

Bibi yule anacho cheti walichopewa yeye na mumewe, kimetiwa fremu na kutundikwa ukutani. Alinisimulia kwamba siku mumewe alipopanda, mche ulikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia na jiwe ndilo lililoonekana kubwa. Sasa mumewe hayupo, na jiwe limekuwa kitu kidogo chini ya kivuli. Jirani mmoja humpigia simu tawi likivunjika.

Siku aliponisimulia hayo nilimkumbuka nyanya yangu. Alizaliwa Chepkitale, kule juu ya msitu wa Mlima Elgon ambako Waogiek wamefuga na kurina asali tangu enzi za mababu, akaolewa kwetu chini. Kwao hapakuwa na cheti. Palikuwa na mzinga: gogo lililochongwa ndani likawa tupu, likazibwa ncha zote mbili, likapandishwa kwa kamba hadi kwenye panda ya mti. Ukiuona mzinga, umejua mti ule ni wa ukoo fulani, na shoka halisogei hapo. Nyanya alikuwa akituhesabia mabonde jioni tukimenya viazi: kutoka kijito hiki hadi kile ni ya akina nani, nani alimwachia nani. Aliyasema kwa mpangilio na kwa sauti ya kuimba kidogo, na tukikosea alituanzisha upya. Nilikuwa nikiona ni hadithi za wazee tu. Sasa najua alikuwa anatusomea daftari la msitu.

Serikali ya Kenya ilitangaza sehemu ya mlima kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwaka 2000 Chepkitale nayo ikafanywa hifadhi ya wanyama, na waliokuwa wakiishi humo wakageuka wavamizi kwa kalamu. Nyumba zilichomwa mara kadhaa. Wengine walikuwa wameshateremshwa Chebyuk tangu 1971, katika mpango wa makazi ambao ugawaji wake uligombaniwa hadi ukaleta vita vya mwaka 2006 hadi 2008. Mamia ya watu waliuawa. Kapsokwony hakuna anayehitaji kusimuliwa miaka ile, kwa hiyo sitaisimulia.

Mwaka 2022 maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta yalifanyika hapa Kassel, na wasanii wa Nest Collective kutoka Nairobi walijenga banda la marobota ya mitumba katikati ya bustani ya Karlsaue. Nilizunguka banda lile nikigusa nguo kwa mkono. Nguo hizo huku huvuliwa kwa nia njema, zikatiwa kwenye sanduku la msaada, na zisizovalika huishia kwenye majalala na mito yetu. Wajerumani waliokuwa wamesimama karibu nami walinyamaza. Ripoti ngapi zimeandikwa kuhusu taka, na bado ilihitajika kazi ya sanaa, kama lile rundo la Beuys, ili mtu alione shati lake mwenyewe!

Septemba ya mwaka huohuo, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba kuifanya Chepkitale hifadhi bila kuwashauri wenyewe kulikuwa kinyume cha sheria. Nililia nilipozisoma habari hizo kwenye simu, ndani ya tramu. Kabla ya hukumu hiyo Waogiek walikuwa wameshaandika sheria zao za kimila: hakuna kuchoma makaa, hakuna kuwinda wanyamapori, hakuna kilimo cha biashara kule juu. Vijana wao hupiga doria wenyewe. Ni maneno ya nyanya yaliyotiwa kwenye karatasi.

Tarehe 13 Novemba 2023 Kenya ilitenga siku nzima ya mapumziko ili watu wapande miti, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Naunga mkono nia hiyo kwa moyo wote. Lakini Kassel ilitumia miaka mitano kwa miti 7,000, na mingi ilikuwa na mwenyewe. Mche usio na mwenyewe mbuzi anaumaliza kabla ya mvua ya pili. Watu wenye desturi ya kuulinda tunao, wako hapo hapo mlimani, na tumewapotezea nusu karne tukiwafukuza.

Ndugu yangu uliye Kapsokwony, Kaptama au Cheptais, ukiitwa kupanda miti msimu huu, uliza kabla hujashika jembe: huu tunamwachia nani? Nawe ofisa unayekuja na lori la miche, panda kwanza hadi Chepkitale, ukae na wazee siku nzima, uwaache wakuhesabie mabonde.