Kabla ya Safari ya Ngazidja

Binti wa jirani yetu hapa Mombasa anajiandaa kwenda Ngazidja, akajitolee mwaka mzima katika kazi ya maji vijijini. Sanduku limejaa, radhi za mama bado. Ana swali moja: "Sheikh, mwanangu atalala kwa nani?"

Nakijua kisiwa hicho. Hakina mto, mawe ya volkano ya Karthala huinywa mvua, basi watu huikinga katika mabirika ya majumbani. Na nyumba huko, kwa desturi, ni za wanawake, binti hupewa na mamake. (Mafakihi wana yao ya kusema.) Mwenye birika, basi, ni mama wa nyumba.

Nilimweleza hayo. Akanyamaza, kisha akaniuliza jina la mama huyo. Hatujalipata, tiketi haijakatwa.